Mbuzi na Chui wa Kalasi ya Sita

Nasikia siku hizi mnaitwa kwenye mafunzo ya siku nzima, mnapewa kofia na chupa ya maji, halafu mnaambiwa basi, sasa mmekuwa wasindikizaji wa wenzenu wenye ulemavu. Vizuri. Kofia inafaa, jua la Lubumbashi mnalijua. Lakini juzi binti mmoja kati yenu alikuja kwangu amenuna, akaniuliza, Mama Ngoie, kwa nini mwenzangu niliyepewa hataki nimsaidie? Nikamwambia kaa, mimina chai, mimi na magoti yangu haya hatuna safari. Niliyomwambia siku ile ndiyo ninayowaandikia, maana nimechoka kurudia.

Nitaandika Kiswahili cha shule. Nilifundisha jeografia maisha yangu yote na kalamu nyekundu haijanitoka mkononi. Ila watu wakianza kusema, nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Lubumbashi. Nikiwasahihisha watanicheka, na wengi wao bado wazima.

Miaka ninayoisema ni ile Zaire ilipokuwa inabomoka nasi tukiwa ndani. Msitegemee niwape hotuba. Mtu aliamka asubuhi akakuta basi lililompeleka kazini jana halipo tena, na hakuna wa kuuliza. Mishahara ya walimu ilikuwa hadithi ya zamani. Asubuhi nilifundisha mvua na upepo, mchana nilikaa langoni pa shule ile ile nikauza mandazi, na wanafunzi niliowapa sifuri walikuja kuniambia kwamba mandazi yangu nayo yanastahili sifuri. Nilikuwa na hasira za karibu wakati ule. Nimepunguza kidogo tu.

Katika vurugu hiyo, kituo kimoja cha mjini kilichosomesha vijana wenye ulemavu kilifunga milango. Vijana wale wakaletwa kwetu, shule ya kawaida yenye ngazi, mashimo na vyoo ambavyo hata mwenye miguu mizima aliviendea kwa sala. Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, hakuwa na gari wala mtu wa ziada. Akasema wanafunzi wenyewe watasaidiana, kila kijana mwenye ulemavu apewe mwenzake. Akauliza nani atasimamia jambo hilo. Nilikuwa na mafua, nikakohoa. Kazi ikawa yangu mpaka nilipostaafu.

Tulianza vibaya, na tulianza vibaya kwa sababu ya adabu zetu. Mnajua hapa mjini ndugu mkubwa tunamwita yaya, na mdogo ni mudogo. Tukaona ni jambo zuri kabisa: msindikizaji awe yaya, anayesindikizwa awe mudogo, shule yote iwe familia moja. Tukapiga makofi. Hakuna aliyekumbuka yaya anavyokuwa nyumbani. Yaya hutoa amri. Yaya hula mnofu. Yaya akisema, mudogo huitika.

Haikupita muda nikaanza kuona vituko. Nikimwuliza swali kijana mwenye ulemavu, yaya wake ndiye aliyejibu. Yaya ndiye aliyechagua mahali pa kukaa, saa ya kwenda chooni, hata upande wa kuangalia. Siku moja uani nikamkuta Serge, kijana asiyeona, amebeba begi mbili, na yaya wake anatembea mbele mikono mitupu akipiga mluzi. Nikamsimamisha Serge nikamwuliza kwa nini anakubali kuwa punda. Akanishangaa.

"Mama, yaya banamukatala namna gani?"

Alikuwa na haki, yaya hakataliwi. Jina tulilompa mwenzake lilimfunga mdomo. Huwezi kumpa mtu msaidizi, halafu ukamnyima ruhusa ya kumgombeza.

Aliyetufungua macho ni Mwansa. Alikuwa kalasi ya sita, yaani darasa la mwisho, la egzamen, ule mtihani wa serikali unaotoa diplome. Miguu yake ililegezwa na polio utotoni. Alitembea kidogo kwa magongo, ila kutoka kwao Kampemba mpaka shuleni alitumia baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuendesha kwa mikono, iliyotoka kwenye kile kituo kilichofungwa. Mama yake aliuza mboga sokoni. Mwansa mwenyewe alikuwa na mabega mapana na ulimi mkali, na alitaka diplome ile kwa njaa ambayo sijaiona tena kwa mwanafunzi. Alisema atakuwa mwalimu wa fizikia. Watu walicheka, yeye hakucheka.

Yaya wa kwanza tuliyempa alikuwa binti mpole wa kwaya, mwenye huruma iliyomwagika kila mahali. Alimsukuma Mwansa bila kumwuliza, huku akimsikitikia. Siku ya tatu Mwansa alivuta breki ghafla na binti wa kwaya akaruka juu ya baiskeli akaangukia kwenye maua ya Prefe. Wa pili hakumaliza wiki. Mwishowe nikampa Kabwe, kijana mrefu wa kalasi ile ile, mchelewaji sugu. Nilimpa kazi hiyo kama adhabu, na sijui ni nani kati yao niliyetaka kumwadhibu.

Asubuhi ya kwanza nilijificha nyuma ya dirisha nione. Mwansa akaingia langoni. Kabwe akafungua mikono, akapaza sauti mbele ya shule nzima kwamba nyama yake imefika, na leo imenona. Nilisikia damu inanipanda kichwani. Mwansa akamjibu kwamba chui huyu ananuka, wamemsikia tangu kule barabarani, na kwamba huko kwao hawana maji au hawana pua. Sikungoja zaidi. Nilitoka mbio, nikamshika Kabwe sikio, nikamburuta mpaka kwa Prefe, nikadai afukuzwe siku ile ile kwa kumtukana binti mlemavu na kumwita nyama.

Mwansa akatufuata akiendesha kwa nguvu zake zote, akafika mlangoni anahema.

"Mama, muache. Eko munungwe yangu. Miye niko muntu ya Mbuzi, yeye eko muntu ya Chui."

Prefe akacheka mpaka akavua miwani. Yeye alikuwa mtu wa upande wa ziwa Mweru, kama familia ya Mwansa iliyotoka Kilwa, ile ya huko ziwani, na kama wazazi wa Kabwe. Mimi ni binti wa watu wa reli wa kaskazini, Wakatoliki wa kujifunga mkanda, mambo hayo sikulelewa nayo. Ikabidi nielezwe kama mtoto wa kalasi ya kwanza, bado nimeshika sikio la Kabwe.

Basi nawaeleza na ninyi, maana wengi wenu mmezaliwa mjini hamjui kitu. Watu wa kule wana koo, na ukoo hupitia kwa mama. Kuna watu wa Mbuzi, watu wa Chui, watu wa Mvua, na wengine wengi. Baadhi ya koo hizo ni banungwe, wengine wangesema watani. Chui na Mbuzi ni banungwe, sababu mnaijua. Munungwe wako anakutania hadharani na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuchukua kitu chako, ukakikomboa kwa kicheko na zawadi ndogo. Anaweza kukwambia ukweli ambao ndugu yako anauogopa, hata kama yeye ni kijana na wewe ni mzee wa mvi. Na siku ya msiba wenu, yeye ndiye anayekuja kushika kazi wakati ninyi mnalia.

Nikaachia sikio. Nilirudi kalasini nikiwa na aibu kidogo na udadisi mwingi, nikaanza kuwachunguza wale wawili.

Niliyoyaona ni haya. Kabwe hakumsukuma Mwansa hata siku moja bila ruhusa. Alipiga magoti ya uongo akasema Chui anaomba kusukuma, na Mwansa akakubali au akamfukuza. Mwansa alipotaka kitu alisema. Kabwe alipokosea njia alitukanwa pamoja na kabila lake lote la madoadoa, na akarekebisha. Alimwambia Mwansa wazi kwamba mwandiko wake ni wa kuku. Mwansa alimwambia Kabwe wazi kwamba hesabu zake zingemfanya mama yake alie. Hakuna aliyemhurumia mwenzake. Walicheka kutwa nzima, na kazi ikafanyika.

Nikavunja jozi zote nikaanza upya. Maneno ya yaya na mudogo nikayapiga marufuku. Wenye koo za utani nikawaweka pamoja. Wasio na koo za namna hiyo nikawatafutia ugomvi mwingine wa furaha. Serge alikuwa mshabiki wa timu moja ya mpira hapa mjini, basi nikampa Muhindo, mtoto wa mfanyabiashara aliyetoka Kivu, mshabiki wa timu ile nyingine. Tangu siku hiyo Serge hakubeba begi ya mtu. Muhindo alikuwa akimsomea ubao kwa kasi ya mtu anayeshusha mzigo sokoni, na Serge akamwambia mbele ya wote kwamba anasoma vibaya kama beki wao anavyocheza. Muhindo akapunguza kasi. Kisha akagundua mwenyewe kwamba michoro ya jeometri haisimuliki kwa mdomo, akaanza kumchorea Serge kwa kidole kwenye kiganja. Hilo sikumfundisha mimi, ingawa nimelifundisha kwa wengine mpaka leo kana kwamba ni langu.

Ngojeni niwape machache ya mikono kabla sijasahau. Asiyeona ndiye anayekushika wewe kiwiko, usimvute kama mbuzi wa sikukuu. Ukikuta rafiki yako yuko kwenye kiti cha magurudumu na mtu mwingine anamsukuma, salimia aliyekaa, maana kuna watu wazima na akili zao wanaomwuliza msukumaji, huyu anaitwa nani? Kwenye mteremko wenye mchanga, geuza kiti mshuke kinyumenyume. Asiyesikia usimpigie kelele, simama mbele yake kwenye mwanga. Na kabla ya yote hayo, uliza. Ukijibiwa hapana, nyamaza. Hapana ya mtu haina haja ya kusindikizwa na sababu.

Sasa nirudi kwa Mwansa, maana mwaka ule ulitaka kummeza.

Ikaja ile siku wanajeshi wenyewe walipovunja maduka, na raia wakawafuata nyuma. Mji ulibebwa mgongoni: friji, milango, mabati. Shule yetu nayo ilipitiwa. Walichukua madawati, wakachukua kengele, sijui waliipigia nani. Wakachukua na baiskeli ya Mwansa, iliyokuwa imeachwa shuleni itengenezwe mnyororo. Baadaye mtu alisema ameiona kwenye njia ya Kipushi imebeba magunia ya unga. Tulituma watu, hatukuipata. Nililia kwa baiskeli ile kuliko nilivyolilia mshahara wangu, nawaambia kweli.

Mwansa hakukosa kalasi. Kabwe aliazima kinga ya kaka yake, yaani baiskeli ya kawaida, akamfungia mto kwenye keria, na kila asubuhi wakaja hivyo, Mbuzi nyuma anatoa amri, Chui mbele anapiga pedeli. Ila ulikuwa msimu wa mvua. Njia za Kampemba mnazijua wakati wa mvua. Walianguka mara nyingi, wakainuka, wakaja kalasini wamepakwa matope mekundu, na mimi nikawapa kitambaa cha ubao wajipanguse.

Anguko moja lilionwa na mtu ambaye hakupaswa kuliona. Muyomba wa Mwansa, kaka mkubwa wa mama yake, alikuwa ametoka Kilwa na lori la samaki wakavu. Lori likiwa limekwama kwenye foleni, akamwona mtoto wa dada yake chini kwenye dimbwi, watu wamemzunguka wanamwangalia. Hakushuka. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake akasema basi, imetosha. Shule imekufa, walimu wanauza mandazi, nchi imekwisha. Lori likirudi Kilwa, Mwansa atakuwa ndani yake, atakaa kwa nkambo, bibi yake, kwa usalama. Na kwa watu wa kule, muyomba akisema juu ya mtoto wa dada yake, baba na mama wote wananyamaza. Egzamen ilikuwa imebaki wiki chache tu. Akiikosa mwaka ule, katika nchi ile, hakuna aliyeweza kumwahidi nyingine.

Mimi na Prefe tulikwenda kumwona. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka, Prefe alifunga tai. Tulisema maneno mazito juu ya elimu na wakati ujao wa taifa. Mzee alitupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho, akatushukuru, akatupa na samaki waliofungwa kwenye gazeti. Alitukatalia kwa heshima kubwa hata tukafika barabarani ndipo tukajua tumekataliwa. Tulikula samaki wake kwa uchungu. Walikuwa watamu.

Asubuhi ya safari nilikwenda kumuaga Mwansa. Lori lilikuwa mbele ya nyumba, majirani wamejaa kama kawaida yao. Mwansa alikaa kwenye kigoda pembeni ya lango, macho makavu, magongo mapajani. Mzigo wake ulikuwa umekwisha kupakiwa.

Akatokea Kabwe, anatafuna muwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake amefika mapema. Hakumsalimia mtu. Alipanda kwenye lori, akashusha mzigo wa Mwansa, akauweka katikati ya njia, akaukalia. Kisha akamwuliza mzee kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, nani ameruhusu Mbuzi kusafirishwa bila Chui kuulizwa, na tangu lini nyama inaondoka mezani mwenye nyama angali na njaa.

Nilijua mzee atampiga. Mtoto wa shule, mbele ya watu wote. Lakini nikaona uso wa mzee, naye mtu wa Mbuzi, unahangaika, unataka kukasirika na hauruhusiwi. Mwishowe kicheko kikamshinda. Akajibu kwamba haoni chui, anaona mifupa, wampe kwanza bukari, ule ugali wetu. Kabwe akasema ndiyo maana anafuata nyama. Watu wakacheka, mzee akarudisha, Kabwe akarudisha, dereva akazima injini. Mimi na Prefe, kwa tai na kitenge, hatukupata hata robo ya nafasi ile.

Kisha mzee akajifuta machozi ya kucheka, sauti ikabadilika, akarudi kwenye siku ile ya matope.

"Mutoto, tumecheka. Sasa sikia. Nilimuona mu poto-poto, bantu banamuangalia. Njia iko mubaya, inchi yote iko mubaya. Kesho nani atamubeba?"

Kabwe aliacha kutafuna. Nilimwombea apate jibu zuri. Hakulitafuta.

"Muzee, ile ulizo siyo ya miye. Mbuzi eko na kinywa yake."

Watu wote wakageuka kumtazama Mwansa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika jambo lile lote mtu kumgeukia. Alishika magongo, akasimama polepole, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

"Muyomba, uliona vile nilianguka. Haukuuliza fasi nilikuwa naenda. Siku ile niliingia mu kalasi na poto-poto yote, nikafanya entero ya fizikia, egzamen ya kidogo, nikaipita. Ukinipeleka Kilwa, ni kweli, sitaanguka tena. Nitakaa pa mulango ya nkambo mupaka nitazeeka."

Mzee akauliza kwa sauti ya chini, na akianguka tena?

"Nitaanguka, Muyomba. Halafu nitaamuka, nitaenda ku egzamen."

Mama yake Mwansa akaanza kulia kwa sauti. Mzee akavua kofia, akaivaa tena. Akamwambia Kabwe atoke juu ya mzigo. Kabwe akasema mzigo uko mikononi mwa Chui na unakombolewa. Mzee akatukana ukoo mzima wa Chui, akapanda mwenyewe kwenye lori, akashusha furushi la samaki akamtupia. Kisha akaubeba mzigo wa Mwansa kwa mikono yake, akaurudisha ndani ya nyumba.

Egzamen walifanya wote wawili. Siku ya matokeo, ninyi mnajua, majina husomwa redioni, na aliyepita humwagiwa poda nyeupe kichwani mtaa mzima uone. Jina la Mwansa lilisomwa. Mama yake alimmwagia poda mpaka akapiga chafya, na mimi niliyekuwa nimeapa kutocheza tena tangu harusi yangu nilicheza barabarani. Tukaendelea kusikiliza. Redio ilisoma mpaka mwisho, na jina la Kabwe halikusomwa. Msije mkasema alianguka kwa sababu ya kumsukuma mwenzake. Alianguka kwa sababu ya hesabu, na alikuwa ameonywa.

Kabwe alijifungia ndani. Hakutaka kuona mtu, wala mimi. Kesho yake Mwansa alitoka kwao kwa magongo, poda bado iko masikioni, akapita avenue moja mpaka lango la kina Kabwe, akaketi hapo, akaanza kuita. Aliita kwamba kuna chui humu ndani anayeogopa mbuzi. Aliita mpaka majirani wakatoka na viti vyao. Mwishowe mlango ukafunguliwa. Akamwambia alete kitabu cha hesabu na atoe uso ule wa msiba, watu wa Mbuzi hawajaja kuzika leo.

Alimfundisha mwaka mzima, kila mchana, kabla hajapata nafasi ya kuendelea na masomo yake ya ualimu. Alimgombeza vibaya sana. Niliwapitia wakati mwingine na mandazi yaliyobaki, na nilimwona kijana yule mrefu akiinamia daftari huku jasho linamtoka. Hakumwambia hata siku moja kwamba amechoka kusaidiwa.

Na redio iliposoma jina lake mwaka uliofuata, Kabwe alipita katikati ya ndugu zake waliokuwa wanamsubiri na makopo ya poda, akaja mpaka kwenye kigoda alipokaa Mwansa, akapiga magoti kwenye vumbi ili amfikie kichwa. Mwansa akammwagia kopo lote.